iPhone haipokei chaji, au inaukataa waya

Kuanzia iPhone 5 hadi 14, simu hizi hutumia waya wa Lightning, ambao ndani ya kichwa chake mna chipu ndogo inayojitambulisha kwa simu. Simu isipoisoma chipu hiyo, hutoa onyo kwamba kifaa huenda hakikubaliki. Waya feki ndio wa kwanza kushukiwa, lakini hata wa halali ukichafuka huleta onyo lilelile.

Anza na tundu la chaji. Zima simu, mulika kwa tochi. Pamba za mfukoni hushindiliwa chini kila unapochomeka waya, hadi zinakuwa kama kipande cha blanketi. Dalili yake: waya hauingii wote, unachezacheza. Chokoa taratibu kwa kijiti cha meno cha mbao, ukivutia nje. Pini au sindano usiguse, inakwangua vishikizo vya umeme.

Kisha tazama ncha ya waya. Vile vipande 8 vya dhahabu, kimoja cha katikati kikiwa cheusi, kimeungua. Nunua mwingine, wenye alama ya MFi, yaani ulioidhinishwa na Apple (ingawa alama nayo hughushiwa). Kama ncha ni safi, badilisha kitu kimoja kimoja: kichwa cha chaji kwanza, halafu soketi.

Onyo la majimaji ni jambo jingine. Chomoa, gongesha simu kiganjani tundu likitazama chini, subiri angalau dakika 30 penye hewa. Mchele hapana, chembe zake huingia humohumo.

Ikigoma na waya mzuri, mpelekee fundi.