Kuwasha gari la kabureta lililolala wiki kadhaa

Gari langu la zamani hulala bandani hata mwezi mzima. Zamani nilikuwa nikiliwasha kwa vita: stata inalia, betri inalegea, majirani wanachungulia. Nikabadilisha betri, kisha plagi, kisha koili. Vyote vilikuwa vizima. Kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ndiyo iliyokuwa kavu.

Ndani ya kabureta mna kibakuli cha petroli, na boya linalofunga njia mafuta yakifika kimo chake. Kibakuli hicho kina tundu la hewa, hivyo gari likikaa petroli hugeuka mvuke na kwenda zake, ikitangulia ile nyepesi inayoshika moto injini ikiwa baridi. Pampu ya magari mengi ya zamani husukumwa na injini yenyewe, na injini isipozunguka pampu haivuti kitu. Ukipiga stata tu, unaifanya betri iteke mafuta toka kwenye tangi.

Hatua ya 1: Fungua boneti kabla ya kugusa ufunguo

Toa gari nje, au fungua milango yote ya banda. Moshi wa injini ndani ya chumba kilichofungwa huua. Pima oili na maji ya rejeta. Pinda mipira ya mafuta kwa vidole. Ikionyesha nyufa, ibadilishe kwanza. Angalia pia kama panya hawajahamia kwenye kichungi cha hewa. Kizimamoto kiwe karibu.

Hatua ya 2: Betri

Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma takriban 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki kama nusu, ichaji kwanza. Vichwa vyenye ungaunga visugue kwa msasa.

Hatua ya 3: Jaza kibakuli

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na ndipo wengi wanaporuka. Vua kichungi cha hewa, chungulia koo la kabureta injini ikiwa imezimwa, kisha vuta kwa mkono waya wa mafuta, ule unaotoka kwenye pedeli. Ukiona petroli inaruka kwa uzi mwembamba, kibakuli kina kitu. Nenda hatua ya 4. Pasiporuka kitu, ni kikavu. (Baadhi ya kabureta, kama zile za aina ya SU, hazina pampu ndogo ya ndani inayorusha uzi huo, kwa hiyo kipimo hiki hakizifai.)

Kama gari lina pampu ya umeme, washa ufunguo bila kupiga stata na usubiri. Pampu za kugongagonga hupunguza mwendo kibakuli kikijaa. Pampu nyingine za zamani zina kijiti pembeni cha kusukuma kwa mkono. Kama unacho, kitumie, ni zawadi. Usipokuwa nacho, chukua bomba la sindano na uingize petroli kidogokidogo kupitia tundu la hewa la kibakuli. Kwangu mililita 30 hutosha. Usimwagie koo la kabureta kutoka kwenye chupa, tena mtu akiwa anapiga stata. Injini ikipiga chafya, moto hutokea juu, palepale ulipo mkono wako.

Funika chombo cha petroli, kipeleke mbali, futa kilichomwagika, rudisha kichungi.

Hatua ya 4: Washa

Choki ni kibao kinachobana hewa ili injini baridi ipate petroli zaidi. Choki ya mkono, ivute yote. Choki inayojifunga yenyewe, kanyaga pedeli ya mafuta mpaka chini mara moja na uachie. Weka gia huru, kanyaga klachi kuipunguzia stata mzigo, kisha piga stata si zaidi ya sekunde 10. Haikuwaka? Ipumzishe dakika moja. Stata huungua kwa ubishi wa dereva.

Ukisikia harufu kali ya petroli, injini imejaa mafuta. Rudisha choki, kanyaga pedeli mpaka chini na uishikilie hapohapo bila kupampu, kisha piga stata. Hewa itaikausha.

Hatua ya 5: Baada ya kuwaka

Taa ya oili izime ndani ya sekunde chache. Isipozima, zima injini. Rudisha choki taratibu kadiri injini inavyopata joto. Jaribu breki ukiwa bado uwanjani, kisha liendeshe nusu saa. Kuliacha linguruma dakika tano na kulizima ni kulidhuru: maji yaliyotokana na uchomaji hubaki kwenye oili na kwenye ekzosi.

Petroli iliyokaa miezi mingi na kunuka kama vanishi, itoe yote tangini na uweke mpya.

Na kibakuli kikikauka kwa siku mbili badala ya wiki, huo si mvuke tena. Vuta kijiti cha oili, kinuse. Kikinuka petroli na oili imezidi alama, usiliwashe: huenda ngozi ya ndani ya pampu ya mafuta imepasuka na mafuta yanashukia ndani ya injini.