Somo: Kukagua noti za dola kwa taa ya urujuanimno bila kujidanganya

Swali lile lile linaendelea kuletwa kwangu: mtu amenunua tochi ya urujuanimno (UV), ile yenye mwanga wa zambarau, ameimulika noti ya dola 100, ameona kitu kinang'aa au hakuona chochote, na sasa anataka nimwambie kama pesa yake ni halali. Ninaandika jibu kamili hapa ili kila atakayeuliza tena nimwelekeze kwenye somo hili. Hapa Lubumbashi kodi ya nyumba, karo ya shule na mizigo inayopitia mpaka wa Kasumbalesa huhesabiwa kwa dola, na muuzaji mdogo anayepokea noti moja bandia ya 100 anaweza kupoteza mtaji wake wote. Kwa sababu hiyo ninawaomba msome hatua zote kabla ya kuuliza.

Hatua ya 1: Tochi. Tafuteni tochi ya nanomita 365 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga). Nyingi zinazouzwa kwa bei nafuu ni za nanomita 395, ambazo hutoa mwanga mwingi wa zambarau unaoonekana kwa macho, na zambarau hiyo hufunika mng'ao hafifu mnaoutafuta. Msimulike macho ya mtu wala kutazama ndani ya tochi. Taa za kuulia vijidudu, zile za nanomita 254, msizitumie kabisa kwa kazi hii, kwa maana zinaunguza macho na ngozi.

Hatua ya 2: Giza. Kivuli cha chini ya meza kinatosha.

Hatua ya 3: Karatasi. Dola halali hutengenezwa kwa pamba asilimia 75 na kitani asilimia 25, bila zile dawa za weupe zinazotiwa kwenye karatasi za ofisini. Chini ya taa inapaswa kubaki imefifia, ilhali karatasi ya daftari iliyowekwa kando yake huwaka weupe wa samawati. Hata hivyo, msitoe hukumu hapa. Sabuni ya unga ina dawa hizo hizo za weupe, ndiyo maana nguo nyeupe huwaka chini ya taa hii. Noti halali iliyosahauliwa mfukoni na kufuliwa pamoja na suruali itawaka vilevile. Kinyume chake, karatasi iliyofifia haithibitishi kwamba noti ni halali, kwa sababu ambayo naieleza katika hatua inayofuata.

Hatua ya 4: Uzi wa usalama. Hatua hii ndiyo inayowapotosha watu wengi kuliko zote, kwa hiyo isomeni polepole. Uzi ni utepe mwembamba wa plastiki uliozikwa ndani ya karatasi; haukuchapwa juu yake. Chini ya nanomita 365, uzi wa noti ya 5 hung'aa buluu, wa 10 rangi ya chungwa, wa 20 kijani, wa 50 manjano, na wa 100 waridi. Noti za 1 na 2 hazina uzi. Kosa linalorudiwa ni kuona uzi unang'aa, kufurahi, na kuipokea noti bila kujiuliza ni rangi gani iliyong'aa.

Wapo wahalifu wanaochukua noti halali za 5, kufuta wino wake, kisha kuchapa sura ya 100 juu ya karatasi ile ile. Karatasi hiyo ni halali, kwa hiyo inabaki imefifia. Uzi uliomo ni halali, kwa hiyo unang'aa. Lakini unang'aa buluu, na noti ya 100 haina haki ya kung'aa buluu. Hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa noti za 5 za zamani, kwa kuwa uzi wake ulikuwa kushoto kwa picha kama ulivyo kwenye 100. Toleo la mwaka 2008 liliuhamishia kulia kwa picha ili noti hizo mbili zitofautiane kwa urahisi, lakini noti za zamani hazikuondolewa katika matumizi kwa sababu hiyo. Kwa hiyo jiulizeni maswali mawili daima: je, rangi inalingana na thamani iliyoandikwa, na je, uzi uko mahali pake? Kwenye 20 na 100 uko kushoto kwa picha. Kwenye 10, 50 na toleo jipya la 5 uko kulia.

Onyo la pili: uzi wa rangi sahihi unaweza kuigwa kwa wino unaong'aa uliochapwa juu ya karatasi. Zimeni tochi na muitazame noti kwa mwanga wa kawaida, ikiwa imelala mezani. Mstari unaoonekana wazi juu ya karatasi kabla hamjaiinua ni ishara mbaya (isipokuwa utepe mpana wa buluu nitakaoueleza katika hatua ya 6).

Hatua ya 5: Inueni noti dhidi ya mwanga wa jua. Someni maandishi ya uzi, ambayo lazima yataje thamani ile ile iliyoandikwa kwenye noti. Kisha tazameni alama ya maji, yaani picha hafifu iliyomo ndani ya karatasi, upande wa kulia: kwenye 100 lazima iwe sura ya Franklin, yule aliyechapwa kwenye noti hiyo. Mkiona sura ya Lincoln, yule wa noti ya 5, au tarakimu kubwa ya 5, mmeshika noti iliyofutwa wino.

Hatua ya 6: Vidole na kuinamisha. Kwenye noti ya 100 iliyoanza kutolewa Oktoba 2013, utepe mpana wa buluu umefumwa katika karatasi. Ukiinamisha noti mbele na nyuma, kengele na tarakimu 100 zilizomo huhama kulia na kushoto. Tarakimu 100 ya pembeni chini kulia hubadilika kutoka rangi ya shaba kuwa kijani. Bega la Franklin hukwaruza kidole.

Maswali ya wanachama

Mama Vitenge, Kamalondo: Asante, mwalimu. Mimi natumia ile kalamu ya kupimia noti kwa kuchora alama. Ikibaki manjano napokea. Je, haitoshi?

Jibu: Haitoshi, mama. Kalamu hiyo ina iodini, na iodini hugeuka nyeusi inapokutana na wanga. Weka tone moja juu ya unga wa bukari (ugali) utaona mwenyewe. Karatasi ya kawaida ina wanga, kwa hiyo inageuka, na kwa bandia za kuchapwa ofisini kalamu yako inafanya kazi yake. Noti ya 5 iliyofutwa na kuchapwa 100 haina wanga, kwa hiyo kalamu itakuambia manjano na utapoteza pesa yako. Baki na kalamu, lakini ongeza hatua ya 4 na ya 5. Hata kabla hujanunua tochi, kuinua noti kwenye jua ni bure.

Mgeni 07: Sijasoma yote. Tochi gani ninunue?

Jibu: Hatua ya 1.

Mgeni 07: Nimekutumia picha ya noti yangu ikiwa chini ya tochi. Ni nzima au si nzima?

Jibu: Siwezi kuhukumu noti kwa picha, na sitafanya hivyo. Kamera ya simu hubadilisha rangi, na rangi ndiyo ushahidi wenyewe. Fuata hatua ya 4 na ya 5 ukiwa na noti mkononi.

Kijana wa Posta: Nimepokea 50 bandia. Naweza kumrudishia mteja mwingine polepole?

Jibu: Hapana. Kuisukuma noti unayojua ni bandia ni kosa la jinai, na atakayeipokea ana watoto wa kulisha kama wewe. Ipeleke benki, eleza uliipata wapi, na ukubali hasara hiyo. Sitajibu swali hili mara ya pili.

Papa Mizigo, Kasumbalesa: Kuna dola 100 za kichwa kidogo ambazo uzi wake hauwaki kabisa. Tuzitupe?

Jibu: Msizitupe, papa, swali lako ni la msingi. Noti za 100 zenye picha ndogo ni za kabla ya toleo la mwaka 1996. Zile za mfululizo wa 1990 zina uzi, lakini uzi huo haukutengenezwa ung'ae. Za kabla ya hapo hazina uzi kabisa. Serikali ya Marekani haijazibatilisha. Kwamba makambisti wetu (wabadilisha fedha) wanazikataa, kama wanavyokataa noti yenye mpasuko mdogo, ni desturi ya soko, wala si dalili kwamba ni bandia. Kwa noti hizo taa haina la kusema; benki ndiyo ikague.

Mwanafunzi wa kemia, UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi): Ikiwa wino unaong'aa kwa urujuanimno unauzwa, kwa nini nchi zinaendelea kuutegemea? Nimesoma kuhusu chembe za nano (chembe ndogo mno) zinazong'aa, lakini sielewi zinaongeza nini.

Jibu: Hilo ndilo swali nililolitamani. Mng'ao wa kawaida hufuata kanuni aliyoieleza George Stokes mwaka 1852: kitu hupokea mwanga wa mawimbi mafupi na kurudisha mwanga wa mawimbi marefu zaidi, kwa kuwa sehemu ya nishati hupotea njiani. Wino wa namna hiyo ni rahisi kuupata, na vitu vingi visivyohusika hufanya vivyo hivyo: sabuni, karatasi, hata jasho. Kwa hiyo alama ya namna hiyo inawazuia wavivu tu.

Chembe za nano zinafungua milango mingine. Ukichukua fuwele ndogo sana za floridi ya sodiamu na itriamu, ukatia ndani yake elementi za iterbiamu na erbiamu, unapata kitu kinachopokea mionzi ya infraredi ya nanomita 980, isiyoonekana, na kurudisha kijani. Iterbiamu hukusanya nishati na kumpa erbiamu mara mbili au zaidi, hadi itoshe kutoa mwanga mmoja wenye nishati kubwa kuliko ule ulioingia. Ukiweka thuliamu badala ya erbiamu unapata buluu. Karatasi, sabuni na jasho haviwezi kufanya hivyo, kwa hiyo alama inaonekana bila mng'ao mwingine nyuma yake. Ndiyo sababu watafiti wa alama za vidole wanazipenda chembe hizi: alama ya kidole kilichogusa lebo yenye rangi nyingi zinazong'aa haionekani chini ya taa yangu ya 365, lakini unga wa chembe hizi ukishika mafuta ya kidole, mistari yake hutokea juu ya giza.

Kuna pia nukta za kwanta, yaani chembe ndogo mno ambazo rangi ya mng'ao wake hutegemea ukubwa wake, ambazo ziliwapa Bawendi, Brus na Ekimov tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 2023. Kwa kadimiamu selenaidi, chembe ya takriban nanomita 2 hung'aa kuelekea buluu, na ya takriban nanomita 6 kuelekea nyekundu, ingawa kemia yake ni ile ile. Kadimiamu ni sumu, kwa hiyo baadhi ya watafiti wanaelekea kwenye nukta za kaboni. Faida kwa usalama ni kwamba unaweza kuchanganya rangi, na hata muda ambao mng'ao unadumu baada ya taa kuzimwa, mpaka mashine isome mpangilio ambao jicho halioni. Ukitaka kuandika kazi yako ya mwisho juu ya jambo hili, niandikie, nitafurahi kuisoma.

Ya Furaha, Bukavu: Mimi huwa sijui kama betri ya tochi imechoka au uzi ndio haung'ai. Huku kwetu kwinini si ngeni, kwa sababu kiwanda cha Pharmakina huitoa kwenye magome ya mti wa sinkona. Nimesikia inang'aa. Ni kweli?

Jibu: Ni kweli, Ya Furaha, na umetuletea kipimo kizuri. Kwinini ni miongoni mwa vitu ambavyo Stokes mwenyewe alivichunguza. Mimina kinywaji cha toniki chenye kwinini katika glasi angavu, ukimulike gizani: tochi ya 365 hutoa buluu kali, ya 395 hutoa buluu dhaifu. Kama una kidonge cha kwinini kilichokwisha muda, kisage katika maji yenye matone ya limau, kwa maana asidi huongeza mng'ao. Usitie chumvi, kwa sababu kloridi yake huuzima. Funga chupa, andika juu yake kwamba si ya kunywa, uiweke mbali na watoto, na uimulike kila asubuhi kabla ya kufungua duka. Buluu ikififia kuliko jana, badilisha betri kwanza, ndipo upokee noti za watu.