Somo: Umeshinda IRS mahakamani, sasa linda gharama za wakili wako

Kuna walipakodi Marekani wanaoshinda kesi dhidi ya IRS, mamlaka ya kodi ya serikali ya shirikisho, kisha wanakosa fedha za wakili kwa sababu siku zimepita. Linaniuma, maana sheria ilishawapa haki hiyo. Tuende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Jua uko mahakama ipi. Uliyepinga notisi ya upungufu wa kodi (barua ya IRS inayosema unadaiwa kodi zaidi) kabla ya kulipa uko Mahakama ya Kodi. Uliyelipa kwanza ukadai kurejeshewa uko mahakama ya wilaya ya shirikisho, au Mahakama ya Madai ya Shirikisho. Hapa nazungumzia Mahakama ya Kodi na mahakama ya wilaya, ambazo kalenda zake hazifanani.

Hatua ya 2: Ombi dhidi ya hukumu. Mahakama ya wilaya inatoa siku 28 tangu hukumu isajiliwe. Katika kanuni za mwenendo wa kesi za madai, Kanuni ya 59 ni ya kuomba kesi isikilizwe upya au hukumu irekebishwe. Kanuni ya 50 ni ya kuomba jaji aweke kando uamuzi wa juri, na ina mtego: wakili wako lazima awe ameomba jambo hilo kabla juri haijakabidhiwa kesi. Jaji hawezi kuongeza siku hizo 28, hata wakili wa serikali akikubali.

Mahakama ya Kodi inatoa siku 30. Katika kanuni zake yenyewe, ya 161 ni ya kuomba maoni ya jaji (maandishi yanayoeleza alivyoamua hoja) yaangaliwe upya, na ya 162 ni ya kufuta au kurekebisha uamuzi wenyewe.

Hatua ya 3: Dai la gharama. Msingi wake ni kifungu cha 7430 cha sheria ya kodi. Uwe umeshinda kwa kiasi kikubwa, kwenye fedha au kwenye hoja kuu. Uwe umemaliza njia za ndani za IRS, ikiwemo ofisi yake ya rufaa ulipopewa nafasi hiyo. Usiwe umeikokota kesi bila sababu. Utajiri wako, ukitoa madeni, usizidi dola milioni 2. Kwa kampuni ni milioni 7 na wafanyakazi wasiozidi 500.

Ukitimiza hayo, bado serikali inaweza kujiokoa ikithibitisha kwamba msimamo wake ulikuwa na msingi wa kutosha. Mzigo wa kuthibitisha ni wao, kwa hiyo usikubali kugeuziwa.

Malipo ya wakili yana kikomo: dola 125 kwa saa kama kiwango cha msingi, kinachopandishwa kufuata mfumuko wa bei. Ankara iliyoandikwa "huduma za kisheria" bila kueleza saa na kazi itakuangusha.

Mahakama ya Kodi inataka dai ndani ya siku 30 tangu upewe maoni ya maandishi, kwa sababu gharama huingizwa ndani ya uamuzi wenyewe. Mahakama ya wilaya, Kanuni ya 54 inataja siku 14. Hata kama wakili wako anaona sheria inampa siku 30, mwambie awasilishe ndani ya 14.

Hatua ya 4: Ofa ya maandishi. Hii hufanywa mapema, na ndiyo silaha ninayoipenda kuliko zote. Ukiipa serikali ofa, yaani kiasi cha deni unachokubali, inayotimiza masharti ya kifungu cha 7430, ikaikataa, kisha hukumu ikakupa deni lisilozidi ofa yako, unahesabiwa mshindi, na ile hoja ya "msingi wa kutosha" haiwasaidii tena. Utalipwa gharama za baada ya ofa.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nilijitetea mwenyewe. Muda wangu unalipwa?*
Hapana. Dai ada ya kufungua shauri na matumizi uliyolipa kweli.

*IRS walikubali kila kitu kabla ya kusikilizwa. Ofa yangu inanisaidia?*
Kesi ikiisha kwa makubaliano, kanuni ya ofa haitumiki. Dai kwa njia ya kawaida, nao wathibitishe msimamo wao.

*Tuliwasilisha ritani pamoja na mke wangu. Mali inajumlishwa?*
Hapana, kila mmoja hupimwa peke yake.

*Nikisubiri uamuzi wa gharama, muda wa rufaa unasimama?*
Mahakama ya wilaya, kwa kawaida hausimami, ndugu yangu. Ombi la Kanuni ya 50 au ya 59 lililowahi ndilo linalousimamisha. Vinginevyo siku 60 za rufaa zinaendelea kuhesabika. Mahakama ya Kodi ni siku 90 tangu uamuzi usajiliwe, na ombi la Kanuni ya 162 lililowahi huzianzisha upya.