Somo: Kupata riziki kwa kusanifu grafiki na tovuti hapa Uganda (soma kabla hujauliza "nianze na programu gani")

Kila wiki swali ni lilelile: nianze na programu gani, ninunue kompyuta gani. Najibu hapa mara moja, na atakayeuliza tena nitamrudisha hapahapa. Mteja hanunui programu yako. Ananunua kadi ambazo jina lake halijakatwa nusu, na tovuti inayofunguka kwenye simu ya bei nafuu.

Hatua ya 1: Programu. Huna pesa? Inkscape kwa nembo na michoro, GIMP kwa picha, Figma kwa kurasa za tovuti. Unazo? Illustrator na Photoshop. Ukitaka kukaa na wachapaji, jua pia kufungua faili la CorelDRAW. Basi.

Hatua ya 2: Kompyuta. Iliyotumika inatosha, iwe na RAM ya GB 8 na diski ya SSD. Kagua betri kabla ya kulipa, umeme wenyewe mnaujua.

Hatua ya 3: Macho. Chukua bango zuri ulilolipenda, ulichore upya lote kwa mazoezi: ukubwa wa herufi, nafasi kati ya mistari, rangi. Usiliuze. Rudia na lingine. Kazi hii inachosha na haina njia ya mkato, na ndipo wengi wanapokimbilia violezo vya Canva, halafu wanashangaa mteja akisema kadi yake inafanana na ya jirani.

Hatua ya 4: Nenda Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala. Siyo kutafuta kazi, nenda ukatazame. Omba karatasi zilizoharibika, uzishike, ujue karatasi ya gramu 80 (uzito wa mita moja ya mraba) ikoje na ya gramu 300 ikoje. Tazama mashine ya kukatia. Mnunulie fundi chai na rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai), atakufundisha mengi kuliko video.

Hatua ya 5: Faili la kuchapisha. Hapa msipite mbio. Hii ndiyo hatua inayokula faida ya watu, na bila hii nisingeandika somo lenyewe. Kwanza, rangi. Skrini inatoa mwanga wa RGB (nyekundu, kijani, bluu), mashine inapaka wino wa CMYK (C samawati, M waridi, Y njano, K nyeusi), na ile kijani inayowaka kwenye skrini haiko ndani ya wino hata ukilia. Geuza rangi mapema, mteja aione ilivyo, asije akaishangaa siku ya kuchukua mzigo. Pili, ukingo. Kisu hukata rundo zima kwa mpigo mmoja na karatasi husogea kidogo, kwa hiyo rangi ya nyuma lazima ivuke mstari wa kukatia kwa milimita 3 kila upande. Kipeperushi cha A5 ni milimita 148 kwa 210, faili lako liwe 154 kwa 216, na maandishi yakae ndani angalau milimita 5 kutoka kwenye mstari. Tatu, weusi. Maandishi madogo yawe wino mweusi pekee, K asilimia 100, nyingine sifuri. Ukiyajenga kwa wino zote nne, pleti (bamba linalobeba picha ya kila wino) ikihama kidogo tu kila herufi inaota kivuli chekundu au cha samawati. Eneo kubwa, kama ule mstari mweusi wa juu wa bendera yetu, ni kinyume chake: K 100 peke yake hutoka imefifia, iwekee chini rangi nyingine, mfano C 60, M 40, Y 40. Nne, picha ziwe na pikseli 300 kwa inchi kwenye ukubwa wa kuchapwa, yaani A4 nzima ni 2480 kwa 3508. Bango kubwa la barabarani halihitaji hivyo, linatazamwa kwa mbali, 100 inatosha.

Onyo: nembo iliyokuja WhatsApp kama picha imeshabanwa. Mwambie mteja aitume kama dokumenti.

Onyo: geuza fonti ziwe michoro kabla ya kupeleka PDF, lakini tunza nakala inayoharirika. Mteja atarudi mwakani na namba mpya ya simu.

Onyo kubwa: toa nakala moja, mteja asaini juu yake kwa kalamu. Asome namba za simu kwa sauti. Tarakimu moja ikikosewa kwenye kadi elfu mbili, atakayelipa ni yule asiye na saini mkononi.

Hatua ya 6: Pesa. Nusu kabla ya kufungua programu, nusu kabla ya kukabidhi faili la mwisho. Marekebisho mawili ni bure, la tatu linalipiwa. Andika hayo kwenye ujumbe, hata kwa shemeji yako. Hasa kwa shemeji yako.

Hatua ya 7: Tovuti. Jifunze HTML na CSS kwanza, yaani lugha za kujengea kurasa, kwenye tovuti ya freeCodeCamp ni bure, ndipo uguse WordPress, mfumo wa kuendeshea tovuti. Anza kusanifu kwa skrini ya simu yenye upana wa pikseli 360, kisha panua kwenda kompyuta. Bana picha ziwe WebP, aina ya faili jepesi la picha. Mtu ananunua bando la siku, usimmalizie kwa picha moja ya jengo la ofisi. Jina la tovuti, liwe la .ug au la .com, lisajiliwe kwa jina na barua pepe ya mteja. Mafundi wanaolisajili kwa majina yao ili mteja asiwakimbie wanajenga ugomvi, na siku ya ugomvi sifa mbaya inatupaka sote. Mwandikie pia tarehe ya kulipia upya, kwa sababu tovuti ikizimika atakupigia wewe usiku.

Hatua ya 8: Karatasi za serikali. Sajili jina la biashara URSB (ofisi ya usajili wa biashara), chukua TIN, namba ya mlipakodi, ya URA (mamlaka ya mapato), ambayo ni bure. Mashirika makubwa hayatakulipa bila hivyo. Malipo yakizidi shilingi milioni moja, wengi wao watakata asilimia 6 na kuipeleka URA. Omba cheti cha makato hayo, ni kodi yako iliyokwisha kulipwa.

Hatua ya 9: Pa kuonyesha kazi. Usitegemee mtandao mmoja wa kijamii. Facebook ilifungwa hapa Januari 2021 wakati wa uchaguzi, na siku hizo hata intaneti yote ilizimwa. Uwe na ukurasa wako mwenyewe, na PDF ya kazi zako kumi ndani ya simu.

MASWALI

Kijana wa Jinja: Boss asante. Sasa programu gani ni nzuri kwa anayeanza?

Jibu: Hatua ya 1, ssebo.

Mkubwa wa Ntinda: Umezunguka kote ukakwepa bei. Nembo ni shilingi ngapi? Kama hujui sema.

Jibu: Sijakwepa, mkubwa. Bei yangu haikusaidii, wewe hulipi kodi ya nyumba yangu. Jumlisha gharama zako za mwezi, gawa kwa saa unazoweza kuuza kweli (saa za kutafuta wateja hakuna anayezilipia), ongeza faida. Nembo ikikuchukua saa kumi, zidisha. Ukipata namba inayokutisha, umeshaelewa kwa nini wanaouza nembo kwa bei ya chakula cha mchana hawadumu.

Binti Koboko: Kaka, nimepeleka faili lilelile kwa wachapaji wawili, samawati imetoka mbili tofauti. Nani kakosea?

Jibu: Huenda hakuna, dada. Karatasi isiyo na mng'aro hunywa wino na rangi huzama. Yenye mng'aro huubakiza juu. Tena mmoja pengine alitumia mashine ya kidijitali na mwingine ofseti, ile mashine ya pleti. Kama rangi hiyo ni ya nembo, chagua namba yake ya Pantone (orodha ya rangi zenye namba wanayoifuata wachapaji), na utunze kipande kilichotoka vizuri. Mpelekee mchapaji kipande hicho mkononi, mwambie "ifanane na hii". Na simama pale karatasi za kwanza zikitoka, ofseti bado inaweza kurekebishwa wakati inakimbia.

Mama Aisha, Mbale: Mwanangu kamaliza S6 (kidato cha sita), anapenda kuchora. Aende chuo au ajifunze kwenye simu?

Jibu: Shikamoo mama. Ada ikipatikana, aende. Makerere kuna shule ya sanaa yenye jina la Margaret Trowell, aliyeanza kufundisha sanaa pale miaka ya 1930, na Kyambogo nako wanafundisha usanifu. Atapata kuchora kwa mkono, historia, na wenzake watakaompa kazi baadaye. Ada ikikosekana, hatua hizi zinatosha kuanzia, ila asikae peke yake chumbani. Na simu haitoshi mama, kompyuta ni lazima.

Nubi wa Bombo: Nina kadi ya mwaliko ya Luganda, ukoo wa Ŋŋonge. Fonti ya maua niliyochagua inaweka kisanduku mahali pa ŋ.

Jibu: Swali zuri kuliko yote hapa. Fonti nyingi za mapambo hazina ŋ. Usiweke "ng" wala usibandike mkia kwenye n, wazee wa ukoo wataona. Kabla ya kununua fonti yoyote andika "eŋŋaali" kwenye kisanduku cha majaribio. Noto Sans inayo, Charis na Gentium pia. Angalia na herufi kubwa yake: ipo yenye umbo la N yenye mkia na ipo yenye umbo la n iliyokuzwa. Kwa lugha za kwetu iliyozoeleka ni hiyo ya pili, na Charis na Gentium zinakuruhusu kuchagua. Jina la ukoo weka Gentium, maua yabaki kwenye majina ya maharusi.

Nubi wa Bombo: Imekubali! Na bwana harusi anaitwa Musa, hana ŋ.

Kijana wa Jinja: Nimesoma yote sasa, samahani. Figma inafanya kazi bila intaneti?

Jibu: Hilo ndilo swali. Inahitaji mtandao kufungua faili, likishafunguka unaweza kuendelea kidogo ukikatika. Inkscape haihitaji kabisa. Ukiwa huna bando, chora kwenye Inkscape, hifadhi kama SVG (faili la mchoro), ulipandishe Figma ukipata bando.

Binti Koboko: Na hifadhi nakala kwenye flashi pia. Kompyuta yangu iliibiwa kwenye teksi, flashi ilikuwa mfukoni.