Mtoto akiongezewa damu: ninavyokaa macho kitandani

Mwanangu ana selimundu (ugonjwa wa kurithi wa damu, sickle cell), ameshaongezewa damu mara sita. Muuguzi akileta mfuko, namsimamisha kidogo: "Dada, tusome pamoja." Jina kamili, namba ya faili, kundi la damu. Usione haya! Siku moja tuliletewa mfuko wa mtoto wa kitanda cha jirani, kisa majina ya kwanza yamefanana. Damu isiyopatana inaweza kuua, hata kama imepimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende.

Dripu ikianza, weka saa ya simu dakika 15 na usibanduke, hata chai isubiri. Mtoto akitetemeka, akipata homa, akilalamika kiuno, akihema kwa shida au mkojo ukiwa mwekundu, ita muuguzi afunge dripu papo hapo. Sindano usichomoe mwenyewe. Vipele vinavyowasha mara nyingi ni mzio mdogo, lakini navyo visemwe.

Mfuko mmoja usichukue zaidi ya muda wa saa 4 kuisha.

Daftarini naandika tarehe na idadi ya mifuko, maana damu ya kuongezewa mara kwa mara hulimbikiza madini ya chuma mwilini, na daktari lazima ataniuliza.