Kalenga Kwanza, Boma Baadaye: Mwongozo wa Kutembelea Ngome Mbili za Iringa kwa Siku Moja

Wageni wengi ninaowaongoza hapa Iringa hutaka tuanzie Boma, jengo la enzi za Wajerumani ambalo sasa ni makumbusho, kwa sababu lipo mjini, halafu muda ukibaki ndiyo twende Kalenga. Mimi huwaomba tugeuze ratiba. Jina Iringa limetokana na neno la Kihehe lilinga, maana yake ngome, na ngome yenyewe haikuwa hapa mjini. Ilikuwa Kalenga, makao ya Mkwawa, mtwa (yaani mtawala) wa Wahehe. Boma nalo kwa Kiswahili ni ua wa kujikinga, mpaka wakoloni walipolichukua neno wakaziita hivyo ofisi zao za utawala. Kwa hiyo una ngome mbili ndani ya siku moja. Ya kwanza ilivunjwa kwa mizinga, ya pili bado imesimama na milango yake iko wazi. Ukianza na iliyosimama utaona jengo la zamani, utapiga picha, utaondoka. Ukianza na iliyoanguka, utaingia Boma ukijua limefikaje pale.

Hatua ya 1: Panga siku na hesabu ya watu

Piga simu makumbusho zote mbili, ya Kalenga na ya Boma, siku chache kabla. Uliza saa za kufungua, kiingilio cha siku hiyo na kama kuna kundi jingine linalokuja. Raia, mgeni wa nje na mwanafunzi hawalipi sawa, kwa hiyo wanafunzi waje na vitambulisho au barua ya shule. Ukipewa namba ya malipo, lipia kwa simu na utunze risiti.

Hesabu ya watu ndiyo inayoharibu ziara nyingi, na hili nalisema kwa kulipata mwenyewe. Mwaka mmoja nilipokea wanafunzi sitini kutoka shule moja ya mbali, nikawaingiza wote kwa mkupuo kwenye chumba kimoja. Waliokuwa mbele waliona vizuri. Waliokuwa nyuma waliona migongo ya wenzao, na mtoto mmoja aliniuliza nje, kwa unyenyekevu kabisa, "Mwalimu, kile kioo kilikuwa na nini?" Alikuwa amesafiri usiku kucha kuja kukiona kioo hicho. Tangu siku hiyo sizidishi watu kumi na watano kwa chumba. Wengine hubaki nje na mwalimu wao wakiwa na kazi ya kufanya, kisha tunabadilishana.

Kama mnakuja mwezi wa sita hadi wa nane, chukueni masweta. Mji huu uko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi upepo wake unakata.

Hatua ya 2: Beba miaka minne

Sipendi mgeni aje na daftari zima la historia. Mwandikie kwenye kipande cha karatasi miaka minne tu, bila maelezo: 1891, 1894, 1898, 1954. Mwambie kila mwaka utafumbuliwa mahali fulani njiani. Watoto huishika karatasi hiyo kama tiketi, na watu wazima pia.

Wanaotoka Dar es Salaam au Morogoro kwa basi wanaweza kuufumbua mwaka wa kwanza kabla hata hawajafika mjini, maana barabara kuu inapita Lugalo. Wengi wanalijua jina hilo kwa hospitali ya jeshi kule Dar. Asili yake ni hapa. Tarehe 17 Agosti 1891 wapiganaji wa Mkwawa walikivizia kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, wakamuua yeye na sehemu kubwa ya askari wake kwa muda mfupi sana, wakaondoka na bunduki. Mwambie konda mapema kwamba mnataka kuonyeshwa mahali hapo, la sivyo mtapita mkiwa mmelala.

Basi litawashusha stendi ya Igumbilo. Hapo chukueni daladala au bajaji kupanda mjini, mlale, na asubuhi muanze safari.

Hatua ya 3: Kalenga, saa mbili na nusu asubuhi

Kalenga iko kilomita kama 15 kutoka mjini, kwenye barabara ya kwenda Hifadhi ya Ruaha. Kundi dogo lipande daladala, kundi la shule likodi kosta. Ukishuka barabarani, kuna mwendo mfupi wa kuingia kijijini. Tembea taratibu na usalimie watu. Ukimwambia mtu "Kamwene" atakujibu "Kamwene", na uso wake utabadilika. Kwa wazee ongeza shikamoo. Hapa ni nyumbani kwa watu, na wengine ni wa ukoo unaosimuliwa ndani ya makumbusho.

Kabla ya kuingia, simama nje na uwaonyeshe wageni upande wa kilima cha Tosamaganga. Leo watu wanakijua kwa misheni na hospitali. Wenyeji husimulia kwamba jina lake ni la kutupa mawe, kwa sababu mizinga ya Wajerumani iliitupia Kalenga makombora kutoka huko, na watu waliokuwa hawajawahi kuona silaha ya namna ile waliona mawe yanatoka angani. Hapo kipande cha karatasi kinafumbuka mara ya pili: 30 Oktoba 1894, siku ngome ilipotekwa. Ilikuwa na ukuta wa mawe na udongo uliozunguka makao yote. Omba uonyeshwe mabaki yake. Usitegemee kuona ukuta mrefu, ni masalia tu, na mgeni asiyeonyeshwa atayapita bila kujua.

Muulize mwongozaji pia kaburi la ofisa wa Kijerumani Erich Maass, aliyeuawa kwenye shambulio hilo. Wapo wageni wanaoniuliza kwa nini tulitunze. Mimi naona litunzwe. Linathibitisha kwamba ngome ile haikutolewa bure.

Sasa ingieni ndani, kumi na watano kwa kumi na watano. Mtaona mikuki, ngao, rungu na bunduki, na mtaona kisanduku cha kioo chenye fuvu la kichwa cha Mkwawa. Nisikilize kwa makini hapa, kwa sababu ndipo ziara inapopata uzito au inapopoteza.

Usiseme neno kwa dakika moja. Waache watu wakisogelee kioo. Utaona jambo ambalo nimeliona mara nyingi: mtu huja amesimama wima, mkono mfukoni, kisha akifika karibu anainama, anautoa mkono, na kama amevaa kofia anaivua bila kuambiwa. Fuvu ni dogo kuliko watu wanavyolitarajia. Wanakuwa wamelibeba jina kubwa vichwani mwao tangu shule ya msingi, kisha wanaona mfupa ambao ungetosha kwenye viganja viwili. Wakishaona, ndipo uwaeleze.

Eleza hivi. Baada ya ngome kuanguka Mkwawa hakujisalimisha. Alipigana msituni miaka karibu minne, akilishwa na kufichwa na watu wake, huku Wajerumani wakiwa wametangaza rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa chake. Katikati ya miaka hiyo walimweka mdogo wake, Mpangile, awe mtawala, na baada ya muda mfupi tu, mwaka 1897, wakamnyonga. Tarehe 19 Julai 1898 Mkwawa alijipiga risasi huko Mlambalasi ili asikamatwe akiwa hai. Kichwa chake kikakatwa, na baadaye kikapelekwa Ujerumani. Mwaka 1919 Mkataba wa Versailles, uliofunga Vita Kuu ya Kwanza, uliweka kifungu cha 246 kikiitaka Ujerumani ikirudishe. Watu husikia wakidhani umeongeza chumvi, lakini kifungu hicho kipo, na kinamtaja Mkwawa kwa jina. Hata hivyo miaka ikapita. Ni Edward Twining, gavana wa Tanganyika, aliyelifuatilia fuvu kwenye makumbusho ya Bremen, Ujerumani, ambako kulikuwa na mafuvu kwa mamia kutoka makoloni. Walichagua kwa kupima vipimo na kulinganisha na vya watu wa ukoo wake, na kwa kuangalia tundu la risasi. Mwaka 1954 likakabidhiwa hapa Kalenga kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu kwa miaka mingi.

Atajitokeza mtu wa kuuliza, mara nyingi mtoto, "Kwa hiyo tuna uhakika ni lake?" Usimkaripie. Wapo wanahistoria wanaouliza swali hilohilo, na mtoto aliyelifikia kwa kusikiliza tu ameelewa somo kuliko aliyenakili tarehe. Mimi humjibu kwamba njia iliyotumika ilikuwa ya vipimo vya siku zile, na kwamba watu wa hapa walilipokea, wakalihifadhi, wakaliheshimu kama la mtwa wao. Kisha namuuliza: yale mengine mamia yaliyobaki kwenye rafu za Bremen yalikuwa ya nani? Chumba kizima hunyamaza hapo, na mimi huwa siwaharakishi kutoka.

Picha ni kwa ruhusa. Mkitoka, piteni kwenye makaburi ya Chifu Sapi na Chifu Adam Sapi yaliyo jirani, bila kelele.

Hatua ya 4: Kula, kisha rudini mjini

Usiunganishe Kalenga na Boma bila kupumzika. Rudini mjini, mle ugali au wali, watu wapige soga. Wanahitaji saa moja ya kukaa na walichokiona. Ukiwalazimisha, Boma litawapita masikioni.

Hatua ya 5: Boma la Iringa, anza nje

Wajerumani walifungua kituo chao hapa juu mwaka 1896, miaka miwili baada ya kuivunja Kalenga. Wakahamisha jina, na mji mpya ukaitwa Iringa. Boma mnaloliona lilijengwa mwaka 1900. Lilianza kama hospitali, likawa ofisi za utawala wakati wa Waingereza, likaendelea kuwa ofisi za serikali baada ya Uhuru. Mwaka 2016 lilifunguliwa kama makumbusho na kituo cha utamaduni cha mkoa, kwa mradi ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Iringa kwa msaada wa Umoja wa Ulaya.

Kabla ya kukata tiketi, lizunguke jengo. Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, nami nawasihi msiiruke. Mpeleke kila mgeni kwenye dirisha moja, aweke kiwiko kwenye ukingo wa nje na anyooshe mkono kuelekea ndani, aone unene wa ukuta kwa mkono wake mwenyewe. Kisha aweke kiganja kwenye ukuta. Hata mchana wa mwezi wa kumi, jua likiwa kali, ndani ya ukuta ule kuna ubaridi. Waulize maswali matatu, mmoja mmoja: Nani alibeba mawe haya? Nani alikuwa anatibiwa ndani? Nani alikuwa anasimama nje akisubiri kuitwa?

Swali la tatu ndilo lenye majibu. Mzee mmoja wa hapa Iringa niliyemleta na wajukuu zake aligoma kuingia kwa muda. Alisimama uani, akasema utotoni mwake kuitwa bomani kulimnyima baba yake usingizi, maana hukuitwa bomani kwa heri: ni kodi, ni kesi, ni kazi ya lazima. "Na leo nakata tiketi naingia mwenyewe," alisema. Wajukuu wakamshika mkono, wakaingia naye. Kama kundi lako lina mzee, mpe nafasi hiyo ya kusema kabla ya mwongozaji. Hakuna kibao ukutani kitakachosema vizuri kuliko yeye.

Hatua ya 6: Ndani ya Boma

Humu usifukuzane na kila kitu. Maonyesho yanahusu historia na utamaduni wa watu wa Nyanda za Juu Kusini, na mtu akitaka kusoma kila bango atachoka kabla ya nusu ya safari. Mimi humwambia kila mgeni achague kitu kimoja tu, akae nacho dakika tano, na ajiandae kutueleza: kimetengenezwa kwa nini, kimechakaa wapi, na mkono gani ulikuwa unakishika. Penye kuchakaa ndipo penye habari. Mpini uliong'aa upande mmoja unakuonyesha mtumiaji alivyoushika bila kuhitaji maandishi.

Mwongozaji wa makumbusho mwachie amalize sentensi zake, kisha muulize anachokipenda yeye mwenyewe humo ndani. Swali hilo humtoa kwenye maneno aliyoyazoea, na mara nyingi atawarudisha chumba mlichokipita haraka. Mkimaliza, mpeni ahsante yenu, na mnunue kitu kwenye kazi za mikono badala ya kuzishikashika tu.

Hatua ya 7: Kikao cha uani

Kaeni nje ya Boma nusu saa. Kila mmoja aseme kitu chake. Kisha toeni zile karatasi za miaka minne na kila mtu aongeze mwaka wa tano anaouona unafaa. Wengine huandika 1900, wengine 1961, wengine 2016. Msichana mmoja wa kidato cha pili aliandika mwaka aliozaliwa bibi yake, akasema akifika nyumbani atamuuliza aliwahi kuitwa bomani.

Kosta ikianza kushuka kurudi barabara kuu, mwambie dereva asikimbie pale Ipogolo. Waonyeshe wageni mto. Ni Ruaha Mdogo, uleule unaopita Kalenga.