Kuchagua klipu ya springi au skrubu ya kushikia nobu kwenye shafti

Juzi nilimsaidia jirani ambaye nobu ya jiko lake la gesi, yaani kitufe cha kuzungusha, ilikuwa inazunguka bure. Anaifikisha kwenye alama ya kuzima, moto bado unawaka. Alikuwa ameshabadilisha springi inayoshikilia nobu mara tatu, na springi haikuwa na kosa lolote.

1. Toa nobu. Funga gesi au chomoa umeme kwanza. Angalia ubavuni kama kuna skrubu. Kama haipo, vuta nobu moja kwa moja.

2. Pima shafti, kile kijiti kinachoingia ndani ya nobu. Hapa niliwahi kupoteza jioni nzima. Shafti za mviringo za amplifaya zina vipimo viwili ambavyo macho hayavitofautishi: milimita 6, na milimita 6.35, yaani robo inchi. Nobu ya 6.35 huingia kwenye shafti ya 6 bila shida, skrubu inakaza, nawe unadhani umemaliza. Ukiizungusha inayumba, kwa kuwa skrubu imeisukuma upande mmoja. Ya 6 kwenye shafti ya 6.35 haiingii, na ukiigonga utaipasua au utaharibu potenshomita, yaani kifaa cha ndani ambacho shafti hukizungusha. Rula haitoshi kabisa, tumia kalipa, kile kipimo chenye taya mbili.

Shafti yenye ubapa, ile ya umbo la D, ipime mara mbili: kipenyo kizima, kisha kutoka kwenye ubapa hadi upande wa pili. Nyingi za milimita 6 hubaki na 4.5 hapo. Angalia pia ubapa unatazama wapi jiko likiwa limezimwa, juu au chini, la sivyo mshale wa nobu mpya utadanganya. Shafti ya meno, hesabu meno: kuna ya 18 na ya 24, na haziingiliani.

Ubapa ndio unaozungusha. Springi inazuia nobu isichomoke na isicheze. Tundu la nobu likishalika na kuwa duara, kama la jirani yangu, hakuna springi itakayoliokoa. Nunua nobu nyingine.

3. Chagua kishikio. Kwa shafti ya D napendelea klipu bapa ya chuma inayokaa ndani ya tundu na kukandamiza ubapa. Kama shingo ya nobu ina mipasuko, inahitaji springi ya pete inayoibana kwa nje. Pete iwe ndogo kidogo kuliko shingo kabla ya kuvalishwa. Kwenye jiko usitegemee plastiki pekee, maana joto huilegeza. Chuma kisichoshika kutu ndicho bora.

Shafti ya mviringo inataka skrubu. Shafti ya meno iliyopasuliwa katikati usiikaze kwa skrubu, utaiponda. Ikilegea, panua mpasuko kidogo sana kwa ncha ya bisibisi bapa.

Gundi usiiguse. Siku ya kubadilisha vali ya gesi au potenshomita utalazimika kuvunja nobu.

4. Jaribu. Sukuma hadi mwisho, kisha zungusha polepole huku ukiangalia shafti: nobu na shafti zianze kusogea pamoja. Kwa jiko, washa, zima, na hakikisha moto umezimika mshale ukiwa kwenye alama yenyewe.